Tandiko la Mtumba

La kwanza lilikuwa gerejini kwa Peadar, barabara ya Clifden,
limepakwa mafuta likang'aa hata nikajiona ndani yake:
mwanamke wa miaka hamsini na mitatu, koti limelowa,
mfukoni yuro mia nne za kondoo niliouza Jumanne.
"Hili ni kama jipya," akasema.
Kipya kinyemi ingawa kidonda, nikawaza,
na kidonda hicho atakibeba nani?
Si Peadar. Wala si mimi.

Nikaliegemeza tumboni, nikalivuta kwa mikono miwili
kama mtu anayepinda upinde.
Mti wa ndani ukalia, kwa.
Mfupa uliovunjika chini ya ngozi nzuri
una sauti yake, naifahamu tangu goti langu.
Peadar akageuka kutazama mvua.
Nikamshukuru kwa chai.

La pili, kwa mwalimu mmoja wa Oughterard,
lilimpenda farasi, mimi halikunitaka.
Vidole vitatu vilipita vizuri juu ya mabega ya Scamall,
nikainama nyuma, nikaona mwanga
umenyooka juu ya uti wa mgongo hadi shingoni.
Lakini kiti, jamani!
Kiti kilikuwa cha msichana wa kilo hamsini.
Nilikaa humo kama unga ulioumuka ukapita bakuli.
Mwalimu hakucheka. Nilicheka mwenyewe, nikashuka.

Usiku ule nilikwenda bandani na tochi.
Scamall ni wingu, kwa lugha ya nyumbani,
wingu la mvua, jeusi,
ila mgongoni ana mabaka mawili meupe,
kila moja kadiri ya kifungo cha koti.
Manyoya hufa rangi pale yanapobanwa.
Tandiko la marehemu kaka yangu lilifanya hivyo,
na mimi juu yake, miaka sita,
nikisema farasi huyu ana hasira, farasi huyu ana kiburi,
akilaza masikio kila ninapokuja na mkanda.
Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.
Mimi nililalia. Kunguni walikuwa upande wa chini.

La tatu lilikuwa jikoni kwa Sorcha, An Cheathrú Rua,
juu ya mgongo wa kiti, na juu yake paka.
Baya. Rangi ya chai iliyosahauliwa.
Kwenye ubavu, mishono mitatu ya uzi mwekundu,
kwa sababu siku ile, alisema, mweusi ulikwisha.
Nyonga yake ilivunjika Novemba. Hakueleza zaidi.
Nikauliza bei.
"Panda kwanza."

Akatoa shuka nyeupe kuukuu, akaitandaza mgongoni mwa Scamall,
akaweka tandiko, akalirudisha nyuma kidogo
mpaka likapata lilipotaka kukaa.
Nikaenda saa nzima kati ya kuta za mawe,
kupanda, kushuka, kutembea, mbio ndogo,
na kwa mara ya kwanza sikufikiria makalio yangu.
Nilifikiria viazi. Nilifikiria deni la daktari wa mifugo.
Scamall alipiga chafya, akanyoosha shingo.

Tuliporudi Sorcha akaikunjua shuka juani,
jua lenyewe la dakika nne,
akaisoma kama barua kutoka ng'ambo:
jasho kushoto, jasho kulia,
katikati mfereji mkavu wa uti wa mgongo,
hakuna doa kavu palipopaswa kulowa.
Akaikunja polepole. Akaishika kifuani muda mrefu
kuliko shuka inavyohitaji.
"Mia mbili na hamsini," akasema.
"Paka anabaki."

Chini ya paja la kushoto kuna bonde dogo
ambalo mguu wake ulilichimba kwa miaka kumi na tisa.
Mguu wangu unaingia, si sawasawa.
Uzi mwekundu sijaubadilisha.
Asubuhi Scamall akiniona nimelibeba begani
masikio yanasimama mbele.
Au labda ni ndoo ya shayiri katika mkono wa pili.
Bado sijathubutu kuja bila ndoo.